Taa Juu ya Bunduki: Mambo ambayo Mmiliki wa Silaha Mtwara Anapaswa Kuyapima Kabla ya Kununua

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

KUANZIA Oktoba, minada ya korosho inapoanza, maghala ya Mkoa wa Mtwara hupokea mzigo ambao kwa kaya nyingi ndio kipato cha mwaka mzima. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika mkoani humo katika msimu wa 2007/2008, korosho ya mkulima hukaa ghalani hadi mnunuzi atakapoilipia na kuiondoa. Katika usiku wote wa kusubiri huko, yupo mlinzi anayezunguka kuta za ghala, mara nyingi akiwa na bunduki ya marisau begani na tochi mkononi.

Tochi hiyo sasa inahama. Yeyote mwenye simu ya kisasa anaweza kuagiza taa ndogo inayofungwa chini ya mtutu, kifaa cha leza kinachotupa nukta nyekundu au ya kijani mbele ya bunduki, au kioo cha kulengea chenye nukta ndani yake. Bei za bidhaa za hali ya chini zimeshuka kiasi cha kumshawishi hata mtu ambaye hakuwahi kuvihitaji. Kwa mmiliki wa bastola anayeishi katika kata ya mjini kama Rahaleo, Manispaa ya Mtwara Mikindani, ambako nyumba zimesogeleana na sauti ya jirani husikika, na kwa kampuni ya ulinzi inayotafuta zabuni ya ghala, vifaa hivi huonekana kuwa nyongeza ya usalama. Makala haya yanachambua ni kwa kiasi gani dhana hiyo ni ya kweli, na sheria inasemaje.

Wananchi wamezoea kusikia matangazo ya Serikali kuhusu silaha. Mwaka 2016 ulifanyika uhakiki wa silaha zinazomilikiwa na raia nchini kote. Katika miaka ya karibuni Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi imetangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha wanazozimiliki kinyume cha sheria, kikiwamo cha Septemba na Oktoba 2023, sambamba na uamuzi wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2017 wa kuufanya mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa silaha barani. Matangazo hayo hujikita, na kwa haki, katika bunduki, bastola, magobore na risasi. Vitu vinavyofungwa juu ya silaha havipewi nafasi kubwa, na ukimya huo watu wameujaza kwa tafsiri zao wenyewe: wapo wanaodhani kila kifaa ni halali mradi bunduki ina leseni, na wapo wanaoamini kwamba taa ya aina yoyote ni kosa.

Msingi wa kisheria ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Sheria hiyo inamtaka mwombaji awe na umri usiopungua miaka 25, awe na akili timamu na mwenendo usio wa vurugu, na athibitishwe kuwa ana ujuzi wa kutumia silaha anayoiomba. Leseni hutolewa kwa mtu na kwa silaha mahususi yenye namba yake ya utambulisho. Kutengeneza na kukarabati silaha ni shughuli zinazodhibitiwa. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto, inapotaja sehemu za silaha, huhesabu mtutu, kiunzi, kifungio cha risasi na vitu vya aina hiyo, na huongeza kifaa cha kupunguza sauti ya mlipuko. Taa na kilengeo havimo katika orodha hiyo. Kwa lugha nyepesi, anayeagiza kipunguza sauti anaagiza sehemu ya silaha. Anayeagiza tochi yenye kishikizo anaagiza tochi.

Hata hivyo, tofauti hiyo haimpi mtu ruhusa ya kutoboa bunduki. Bunduki nyingi za marisau zilizomo mikononi mwa walinzi ni za zamani na hazina reli ya kufungia vifaa, ile yenye meno iliyosanifiwa katika jeshi la Marekani mwaka 1995 na ambayo sasa imeenea duniani. Ili taa ikae, mtu hushawishika kumpelekea fundi wa vyuma atoboe, achomelee au akate. Hapo ameingia katika kuibadili silaha, na mtutu uliopashwa moto wa kuchomelea unaweza kudhoofika hadi kupasuka unapofyatuliwa. Kishikizo cha kubana kwa skrubu hakidai kutoboa chochote. Mmiliki anayetaka zaidi ya hapo anapaswa kwanza kufika kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, akiwa na kitabu chake cha leseni, na kuuliza kabla ya kuagiza.

Sheria ikishaeleweka, linabaki suala la matumizi, nalo ndilo zito zaidi. Taa iliyofungwa kwenye bunduki humulika kule mtutu unakoelekea. Mlinzi asiye na tochi nyingine, akisikia mlio nyuma ya rundo la magunia, hana namna ya kutazama bila kuelekeza bunduki kwenye kile anachokitazama. Ghalani usiku kuna wapakiaji waliochelewa kuondoka, dereva wa lori aliyelala chini ya tela, na mlinzi mwenzake anayetoka upande wa pili wa jengo. Wote hao, kwa sekunde kadhaa, watakuwa mbele ya mtutu wenye risasi, wakati kanuni ya kwanza anayofundishwa kila mwenye silaha ni kutoelekeza mtutu kwa kitu asichokusudia kukipiga.

Kwa sababu hiyo ununuzi wa kwanza wa mlinzi au mwenye nyumba uwe tochi nzuri ya mkononi. Hiyo ndiyo ya kutafutia, ya kukagulia makufuli, ya kumulikia uso wa mgeni getini. Taa ya kwenye bunduki, kama itakuwapo, ina kazi moja finyu: kumwezesha mtu ambaye tayari ana sababu halali ya kuinua silaha kuthibitisha kwamba aliye mbele yake ndiye tishio, na kwamba nyuma yake hakuna mtu mwingine. Kampuni inayonunua taa za bunduki kabla ya kuwapa walinzi wake tochi za mkononi imeanza na kitu cha pili.

Hatari nyingine imo katika kidole. Mwaka 2010 katika mji wa Plano, jimbo la Texas nchini Marekani, askari polisi alifyatua bastola na kumuua mtu, kisha akaeleza kwamba alikusudia kuwasha taa iliyokuwa chini ya mtutu. Swichi ya taa hiyo ilikuwa sehemu ya mbele ya mpini, chini kidogo ya kifyatulio, na hubonyezwa kwa kuminya vidole vya mkono uleule unaofyatua. Mkono ulioshikwa na woga hauminyi kidole kimoja kimoja; huminya vyote pamoja. Anayechagua taa kwa ajili ya bastola aangalie kwanza swichi iko wapi, kabla hata ya kuuliza ukali wa mwanga, na apendelee ile inayowashwa kwa kidole gumba au kwa mkono usiofyatua. Kwa bunduki ndefu, swichi iwe kwenye mkono wa mbele unaoshika kitako cha mtutu, mbali kabisa na kifyatulio.

Kuhusu ukali wa mwanga, wauzaji hutaja lumeni kwa maelfu, na tarakimu zilizochapishwa kwenye maboksi ya bidhaa za bei ya chini mara nyingi hazina uhusiano na kinachotoka kwenye taa. Lumeni hueleza jumla ya mwanga unaotoka. Umbali ambao mwanga utafika hutegemea zaidi namna ulivyokusanywa, kipimo ambacho huitwa kandela. Ghalani, mwanga mkali mno humgeukia mwenyewe. Kuta zilizopakwa chokaa, mabati ya paa na vumbi la magunia ya katani huurudisha machoni mwa mlinzi. Jicho la binadamu huhitaji takriban dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na mmweko mmoja unaorudi kutoka ukutani huufuta mzoeo huo papo hapo. Mlinzi aliyejipofusha mwenyewe mlangoni mwa ghala yuko katika hali mbaya kuliko asiyekuwa na taa. Chumbani mwa nyumba ya Rahaleo, mwanga wa wastani unaotawanyika hutosha. Uwanjani, kando ya uzio, inafaa mwanga uliokusanywa.

Pwani nayo ina masharti yake. Hewa ya Mtwara ina unyevu na chumvi, na chumvi huingia kwenye nyuzi za skrubu, huota kutu kwenye chemchemi za betri na kuweka utando kwenye vishikio vya umeme. Taa inayofanya kazi vizuri dukani inaweza kukataa kuwaka baada ya miezi michache ya lindo la usiku kando ya bandari. Alama ya IPX7 humaanisha kwamba kifaa kilihimili kuzamishwa majini kwa kina cha mita moja kwa dakika 30. Ni alama ya kuitafuta, ingawa nayo huigwa. Kishindo cha bunduki ya marisau ni kikubwa, na taa ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya silaha huweza kuzimika kwa mruko wa betri au kulegea kishikizo mara baada ya mlipuko wa kwanza, yaani wakati ambapo mlinzi anahitaji zaidi kuona alichokifanya. Uliza pia betri zinapatikana wapi. Taa inayotumia betri fupi za lithiamu za volti 3, ambazo si kila duka la mjini huziweka, itabaki pambo.

Leza inahitaji maneno machache zaidi, kwa kuwa ndiyo inayowavutia wengi na ndiyo yenye faida ndogo zaidi kwa silaha zilizopo mkoani. Mwali wa leza husafiri katika mstari ulionyooka. Risasi hushuka kadiri inavyokwenda, na leza yenyewe imefungwa sentimita kadhaa chini au pembeni ya mtutu. Mistari hiyo miwili hukutana katika umbali ambao mtumiaji ameurekebishia kifaa. Karibu zaidi au mbali zaidi ya hapo, nukta inaonesha mahali ambapo risasi haitafika sawasawa. Kwa bunduki ya marisau hali ni bayana zaidi. Kwa kanuni ya kukisia inayotumiwa na wapigaji wengi, marisau hutawanyika takriban sentimita 2.5 kwa kila mita moja ya mwendo, ingawa hutofautiana kwa mtutu na aina ya risasi. Kwa mita 20 hiyo ni duara la nusu mita. Mlinzi anayeona nukta moja nyekundu kifuani mwa mwizi huamini atapiga nukta hiyo, ilhali risasi ya kawaida ya marisau makubwa ina vyuma tisa, na baadhi yake vinaweza kumfikia aliyesimama kando.

Zaidi ya hayo leza si mchezo wa macho. Leza zinazouzwa kama za miliwati 5 hupimwa kuwa na nguvu kubwa zaidi mara kwa mara, na ile ya kijani huonekana kali kwa sababu jicho letu huhisi zaidi rangi hiyo. Mtu anayeielekeza angani kwa kujifurahisha, katika manispaa ambayo kiwanja chake cha ndege kipo karibu na makazi, anaweza kumpofusha rubani anayekaribia kutua.

Kioo chenye nukta ya kulengea kina nafuu kwa mtu ambaye macho yake yameanza kushindwa kuona kilengeo cha mbele, na walinzi wengi ni watu wazima. Lakini lazima kirekebishwe kwenye uwanja wa shabaha kwa kufyatua risasi halisi, na kihakikiwe tena kila kinapoondolewa. Kioo kilichofungwa dukani na kupelekwa moja kwa moja lindoni hakina maana yoyote. Afadhali vilengeo vya chuma vilivyokuja na bunduki.

Nje ya mji, suala la taa huchukua sura tofauti. Katika vijiji vya bonde la Ruvuma, kutoka Kilambo kuelekea juu ya mto, kiboko hutoka majini usiku kula mpunga na mahindi, na nguruwe pori huingia mashambani kwa makundi. Mkulima hulala kwenye dungu akipiga debe. Mwenye bunduki ya leseni, au gobore lisilo na leseni, huona taa kama mkombozi: mulika, tafuta macho yanayong'aa, fyatua.

Njia hii ina kasoro ya kimaumbile ambayo ni vyema kila mkulima aijue. Macho ya wanyama wengi wa usiku, pamoja na mbuzi, ng'ombe na mbwa wa kijijini, hung'aa kwa sababu nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga. Binadamu hana utando huo. Nguruwe naye hana. Kwa hiyo anayemulika shambani akitafuta macho atamwona mbuzi wa jirani waziwazi, na hatamwona mtoto aliyelala chini ya dungu la pili. Na yule anayefyatua penye kivuli kinachotikisika bila macho kung'aa, akiamini kwamba huyo ni nguruwe, amechagua alama ambayo nguruwe na mtu wanashirikiana.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imelifunga jambo hilo. Kuwinda kwa kutumia mwanga wa kubuni, na kuwinda usiku, ni miongoni mwa njia zilizokatazwa isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Leseni ya kumiliki bunduki haigeuki kuwa idhini hiyo. Sheria hiyohiyo inamlinda anayemuua mnyama ili kuokoa maisha au mali, kwa sharti la kutoa taarifa, na nyara inabaki kuwa mali ya Serikali. Mtu aliyekutwa na taa juu ya bunduki, nyama ndani ya gunia na taarifa ambayo haikutolewa, atapata shida kueleza kwamba alikuwa akilinda mahindi. Yapo malalamiko ya haki kwamba askari wa wanyamapori huchelewa kufika mashambani, na kwamba kifuta jasho na kifuta machozi, vilivyowekewa kanuni mwaka 2011, haviwiani na hasara. Malalamiko hayo yana mahali pake katika vikao vya kijiji na halmashauri, na hayabadilishi kinachoonekana mbele ya tochi saa nane za usiku.

Ukanda wa mto una sababu nyingine ya tahadhari. Tangu uasi ulipozuka Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, Oktoba 2017, mpaka wa Ruvuma umekuwa chini ya uangalizi wa karibu wa vyombo vya ulinzi na usalama. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu wenye silaha waliovuka kutoka ng'ambo. Katika mazingira hayo, mwali wa leza au mwanga mkali unaofuata mwelekeo wa mtutu kando ya mto hausomwi na doria kama taa ya mkulima. Mvuvi na mkulima wanaotembea usiku wabebe tochi ya kawaida, wakiishikilia mkononi, na wenye silaha za leseni waifahamishe serikali ya kijiji mapema wanapokwenda kulinda mashamba.

Kwa kampuni za ulinzi, msimu wa korosho unaanza na orodha ya vifaa. Ingefaa orodha hiyo ioneshe tochi ya mkononi kwa kila mlinzi na betri za akiba, na kama kuna taa za bunduki, ioneshe pia tarehe ambayo kila mlinzi aliifyatua bunduki hiyo gizani kwenye uwanja wa shabaha taa ikiwa imefungwa. Vyama vikuu vya ushirika vinavyotumia maghala, MAMCU na TANECU, vina nguvu ya kudai tarehe hizo, kwa kuwa korosho inayolindwa ni ya wanachama wao. Na tangazo lijalo la msamaha wa silaha lingewasaidia wengi kama lingeongeza sentensi moja kuhusu vipunguza sauti, ambavyo kwa mtazamo wa itifaki ya kimataifa ni sehemu za silaha na vinapaswa kusalimishwa pamoja nazo.

Mwananchi anayevamiwa na mnyama shambani atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya, ambaye huwasiliana na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Ikiwa mnyama ameuawa katika kujiokoa, mzoga uachwe mahali ulipoangukia hadi ofisa afike, na bunduki iliyotumika ioneshwe kwake ikiwa na vifaa vyake vyote kama ilivyokuwa ilipofyatuliwa.